Mchezaji Afe, Lakini Atake Kurudi: Vidokezo 7 vya Kusawazisha Gemu Yako

Hongera, gemu yako ya kwanza inachezeka! Mhusika anaruka, maadui wanatokea, muziki unalia. Imebaki kazi moja, na ndiyo itakayoamua kama watu wa Juba wataiacha kwenye simu zao au wataifuta kupisha picha za harusi: usawa. Ikiwa rahisi mno wanapiga miayo, ikiwa ngumu mno wanaitukana. Unachokitafuta ni mchezaji ashindwe, aseme "hapo nimezembea mwenyewe," halafu abonyeze kuanza upya kabla hajamaliza sentensi. Una jioni moja tu na chaji nusu? Inatosha kuanza.

1. Mpe kitu kimoja cha kuishiwa

Tuanze na wa nyumbani. Lual Mayen ni kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu akamnunulia laptopu, naye akawa anatembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji. Katika gemu yake, Salaam, mchezaji ni mkimbizi anayetoroka vita, na bila maji, chakula na dawa hafiki mbali. Desemba 2018 The Game Awards ilimtunuku kwa kazi hiyo. Umeona ujanja wake? Kiu nayo ni adui, na hakuna anayehitaji maelekezo ili aelewe kiu. Basi nawe chagua kitu kimoja kinachopungua, kiwe maji, mafuta ya boda au muda, ukisawazishe hicho kwanza. Vitu vitano kwa mpigo vitakuvuruga.

2. Piga hesabu kabla ya kupaka rangi

Usiogope, ni hesabu ya darasa la nne! Tuseme mhusika anaanza na maji 60, na kila sekunde yanapungua 1. Kila baada ya sekunde 20 anaokota chupa yenye maji 15. Kwa hiyo kila chupa inamwacha na upungufu wa 5, na hata asipokosea popote ataishiwa baada ya kama dakika 3. Je, wewe ulitaka mbio za chini ya dakika 2? Chupa iwe na maji 10, basi. Hujagusa mchoro hata mmoja na tayari umebadilisha gemu nzima. Ziandike namba hizi zote mahali pamoja, kwenye Excel au daftari la kawaida, usije ukazisaka usiku kwenye mistari 2,000 ya msimbo.

3. Zidisha mara mbili au kata nusu

Hii ni kanuni ya Sid Meier, baba wa gemu ya Civilization, na inaokoa muda ajabu. Ukihisi namba haijakaa sawa, usiisogeze kidogo kidogo. Chukua chupa yetu ya maji 10. Ukiifanya 20, mhusika hafi kwa kiu kamwe. Ukiifanya 5, anakwisha baada ya kama sekunde 75. Majaribio mawili tu, na sasa unaijua mipaka yote miwili! Kutoka hapo kupata katikati ni kazi nyepesi.

4. Peleka gemu kwa mama chai, kisha nyamaza

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho watengenezaji wengi wanachokikwepa. Wewe huwezi kupima ugumu wa gemu yako. Umeicheza mara nyingi mno, vidole vyako vinajua kila shimo liko wapi. Nenda kwa mama chai, pale madereva wa boda wanapokunywa chai wakisubiri abiria, mpe mmoja simu, umwambie "cheza" na usiongeze neno. Akikwama, usimwelekeze. Akiuliza "nabonyeza wapi?", hilo swali ndilo jibu lako: liandike. Mwangalie usoni kuliko unavyoangalia skrini. Akishtuka na kucheka anapokufa, uko pazuri. Akikurudishia simu bila kusema kitu, ugumu umemshinda au raha haipo.

Weka alama kila wanapofia. Watu kumi wakicheza na saba wakafia kwenye shimo lile lile, usilaumu vidole vyao. Pengine shimo linatokea ghafla mno, na nusu sekunde ya onyo ingetosha. Usimalizie kwa rafiki zako wa chuo pekee. Wao watasifu kila kitu kwa sababu wanakupenda. Mtafute pia mtu ambaye hajawahi kucheza gemu yoyote, shangazi yako kwa mfano. Shangazi akifika dakika ya pili, mlango wa gemu yako uko wazi kwa kila mtu.

5. Wakicheza wawili, waanze sawa

Kwa hili tumerithi hazina. Kwenye bao la Kiswahili kuna kete 64, na kila mchezaji ana 32: kumi ubaoni, 22 mkononi. Hakuna anayeanza na bahati, na bado mchezo unaweza kukuumiza kichwa maisha yako yote. Lakini kuwa makini na anayetangulia kucheza. Katika mchezo wa Go, anayecheza wa pili hupewa pointi za ziada, mara nyingi 6.5, kufidia hilo. Kama hutaki hesabu hizo, wabadilishane zamu ya kuanza kila raundi. Kazi ya dakika tano!

6. Simu ya bei nafuu iwe hakimu

Mwaka 1978, kwenye Space Invaders, maadui waliongeza kasi kadiri walivyopungua, kwa sababu mashine ilikuwa na vitu vichache vya kuchora. Bahati ile ilizaa utamu. Wewe usitegemee bahati. Ukipima mwendo kwa idadi ya picha zinazochorwa, simu dhaifu itamfanya adui atambae, na simu ya gharama itamfanya apae. Zidisha kasi kwa muda uliopita kati ya picha moja na inayofuata. Injini za gemu za Unity na Godot zote zinakupa namba hiyo bure. Halafu jaribu kwenye simu kongwe kuliko zote unazoweza kuazima.

7. Pesa isinunue ushindi

Salaam ilibuniwa kwa wazo zuri hapa: mhusika akiishiwa, mchezaji amnunulie chakula, maji au dawa kwa pesa halisi, lengo likiwa pesa hizo ziwafikie wakimbizi wa kweli kupitia mashirika. Mchezaji anajua anachangia nini. Ni tofauti kabisa na kuuza panga linaloua kila bosi kwa pigo moja. Siku utakayoliuza, wasio na pesa wataondoka, na wenye pesa watabaki bila mtu wa kushindana naye. Uza mavazi, uza rangi za pikipiki, uza ngoma za kuchezea. Kisha mchukue mchezaji asiyelipa hata shilingi, umketishe karibu yako, umtazame akicheza mpaka bosi wa mwisho. Akimpiga, gemu yako iko tayari kusambazwa.