JUMATANO: Aliyesikiliza Nyuma ya Jiko

Soma Yakobo 1:13–15. Kulingana na mafungu haya, jaribu huanzia wapi? Ni nani ambaye Yakobo hamtaji kabisa hapa, ingawa tungetarajia amtaje?

Mwaka 1886 mwandishi wa Urusi, Leo Tolstoy, alitoa hadithi fupi inayouliza mtu anahitaji ardhi kiasi gani. Hadithi ya kubuni haichukui nafasi ya Maandiko, ingawa Nathani naye alimfikia Daudi kwa kisa cha mwana-kondoo (2 Samweli 12:1–7).

Mkulima aitwaye Pahom amejilaza juu ya jiko kubwa la matofali, kama walivyozoea wanakijiji wa Urusi. Anamsikiliza mkewe akibishana na dada yake aliyeolewa mjini. Mke anasema majaribu yako mjini. Shambani kuna usalama. Pahom anakubali moyoni. Shida yao, anawaza, ni uchache wa ardhi tu. Akiipata ya kutosha, hata Ibilisi hatamwogopa. Kumbe Ibilisi ameketi nyuma ya jiko, na amesikia.

Tangu hapo Ibilisi hamshawishi Pahom aibe wala aue. Anampa ardhi. Shamba la kwanza linazaa vizuri, na madeni yanalipwa. Kisha mifugo ya majirani inaingia shambani. Mwanzoni Pahom anawasamehe. Baadaye anawapeleka mahakamani, na mapenzi kijijini yanakwisha. Anahamia ng'ambo ya mto Volga, anapata zaidi, bado panambana. Mwisho anafika kwa Wabashkir, ambao bei yao ni rubli 1,000 kwa siku: eneo lote atakalolizunguka kwa miguu ni lake, mradi arudi alikoanzia kabla jua halijatua. Asiporudi, fedha zimepotea. Masharti yote ni ya kweli. Hakuna anayempunja hata kidogo.

Hapa panahitaji kutafakariwa. Wengi wetu tunalinda mlango wa mbele, tukimsubiri adui mwenye sura ya kutisha. Lakini mti wa Edeni ulionekana kuwa mwema kwa chakula (Mwanzo 3:6), na kitu cha kwanza ambacho mjaribu alimtajia Yesu jangwani kilikuwa mkate (Mathayo 4:3). Mkate si dhambi. Shamba si dhambi. Ibilisi hakuumba hata konzi moja ya udongo. Hana budi kutumia vitu vyema vya Mungu. Alichokipata kwa Pahom ni lile wazo la juu ya jiko, ambalo liliiweka ardhi mahali pa Mungu, iwe ndiyo ngao yake.

Tena Pahom alionywa. Usiku wa mwisho aliota Ibilisi akicheka, na mbele yake mtu amelala, amekufa. Alipotazama vizuri, mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe. Akaamka, akaona ni ndoto tu, akawahi mapambazuko. Mchana, alipopaswa kugeuka, aliona bonde lenye unyevu, zuri kwa kitani, akashindwa kuliacha. Jua likashuka. Akakimbia, akafika penye kofia ya mzee wao iliyowekwa kuwa alama, akaanguka. Mtumishi wake alichukua sepetu akamchimbia kaburi la urefu wake.

Soma Luka 12:13–21. Tajiri wa mfano huu anaiambia nafsi yake nini, na maneno hayo yanafananaje na wazo la Pahom?

Maswali ya kujadili:

Jaza nafasi hii kwa uaminifu, hata kama hutamsomea mtu: "Nikipata ______ ya kutosha, sitaogopa tena."

Yule aliyemwendea Yesu kuhusu urithi (fungu la 13) huenda alikuwa na haki yake kwa ndugu yake. Mashauri ya mashamba ya familia tunayajua. Kwa nini Yesu hakuanza na haki yake?