Somo la 12: Usingizi wa Kidonge

Maneno ya kujifunza: kidonge, mazoea, kipimo, ghafla, utafiti, dalili



Usingizi ni chakula cha mwili. Mtu asiyelala vizuri hana nguvu ya kulima, na hasira zake ziko karibu. Akikosa usingizi kwa siku nyingi, hutafuta msaada. Wengine huupata zahanati. Wengine hununua vidonge dukani, au hupewa na jirani.

Kidonge cha usingizi humlaza mtu. Hilo ni kweli. Lakini vidonge vingi vya aina hii vikitumiwa kwa muda mrefu humshika mtu, hata kuviacha kukawa taabu. Katika somo hili tutajifunza kwa nini inakuwa hivyo, na jinsi ya kuviacha kwa usalama.

1. Dawa tunazozisema

Dawa hizi ni za kundi liitwalo benzodiazepini. Soma pole pole: be-nzo-di-a-ze-pi-ni. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa Librium, mwaka 1960. Mwaka 1963 ikafuata Valium, ambayo jina lake la kitaalamu ni diazepamu. Zote mbili zilitoka kwenye kampuni ya Hoffmann-La Roche ya Uswisi. Katika miaka ya 1970 Valium ilikuwa miongoni mwa dawa zilizouzwa kwa wingi sana duniani.

Dawa hizi zina kazi yake nzuri. Hospitalini diazepamu hutumiwa kukomesha degedege, na imeokoa watoto wengi. Basi tusizichukie. Tuzijue.

2. Mazoea yana taabu

Ubongo wa binadamu una njia yake ya kujituliza. Kidonge huisaidia njia hiyo. Siku za kwanza mtu hulala vizuri na kufurahi. Lakini ubongo ukisaidiwa kila usiku, hupunguza kazi yake wenyewe.

Fikiri juu ya mtu anayebebewa mzigo na mwenzake kila siku. Baada ya miezi mingi mikono yake imelegea. Siku mwenzake akiondoka ghafla, mzigo wote unamwangukia.

Ndivyo inavyokuwa mtu akiacha vidonge ghafla. Usingizi unakimbia kuliko hapo mwanzo. Moyo unakwenda mbio. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, wasiwasi unamjaa. Wengine huona au husikia mambo yasiyokuwapo. Wengine huanguka kama wenye kifafa, na hapo mtu anaweza kufa.

Angalia jambo hili kwa makini. Mtu huyu akikosa usingizi tena, husema, "Kumbe ugonjwa wangu haujapona. Bila kidonge siwezi." Anarudia dawa, na usiku huo analala. Sasa anaamini kwamba kidonge ni tiba yake. Kumbe taabu ile ililetwa na kukiacha ghafla. Kwa njia hii watu wametumia vidonge miaka 10, hata 20.

3. Utafiti ulisema nini?

Utafiti ni kazi ya kutafuta ukweli kwa kupima na kulinganisha. Je, watafiti hawakujua hatari hii? Walianza kuijua mapema.

Mwaka 1961, huko Marekani, daktari Leo Hollister na wenzake waliwapa wagonjwa 36 dawa ya Librium kwa kipimo kikubwa sana. Baada ya miezi kadhaa waliwaondolea wagonjwa 11 dawa hiyo ghafla, wakawapa vidonge visivyo na dawa. Wagonjwa 10 kati ya hao 11 walipata dalili mbaya. Wawili walianguka kama wenye kifafa.

Jambo hilo liliandikwa na kusomwa. Lakini madaktari wengi waliona kwamba shida ilikuwa ni kipimo kikubwa mno. Waliamini kwamba kipimo cha kawaida hakina neno. Wakaendelea kuwaandikia watu dawa hizi kwa miaka.

Mwaka 1981 watafiti wa London waliwachunguza watu 16 waliotumia kipimo cha kawaida kwa muda mrefu. Walipoacha, wote walipata dalili. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilishauri kwamba dawa hizi zitumiwe kwa wiki 2 hadi 4 tu. Toa 1961 katika 1988. Utapata miaka 27.

Huko Newcastle, Uingereza, daktari Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu waliotaka kuacha dawa hizi, toka mwaka 1982 hadi 1994. Aliwasikiliza wagonjwa wake, akayaandika mambo waliyomfundisha. Watu hao walikuwa wakiambiwa kwamba taabu yao ni ya mawazo tu. Yeye aliwaamini.

Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kubwa liandikwe kwenye maelezo ya dawa zote za kundi hili. Onyo linasema kwamba mtu anaweza kuzoea dawa hata akifuata maagizo, na kwamba kuacha ghafla kunaweza kuhatarisha maisha.

Basi, je, tuuamini utafiti? Ndiyo, lakini tuuamini kwa macho. Dawa iliyopimwa kwa wiki chache inatuambia habari za wiki chache. Haituambii habari za miaka 10. Na mtumiaji wa dawa akieleza taabu yake, asikilizwe. Maneno yake nayo ni sehemu ya utafiti.

4. Kuacha kwa usalama

Kama umetumia vidonge hivi kila siku kwa wiki nyingi, usiviache leo kwa sababu ya somo hili. Nenda kwanza kwa daktari au mganga wa zahanati. Mwambie ukweli: jina la dawa, kipimo, na muda uliotumia. Usione haya.

Dawa hupunguzwa kidogo kidogo. Mara nyingi hupunguzwa sehemu moja ya kumi, kisha mgonjwa hukaa wiki moja, mbili au zaidi mpaka mwili utulie. Ndipo hupunguza tena. Taabu ikizidi, husimama hapo kwanza. Haraka haraka haina baraka.

Tuseme mtu anatumia miligramu 10. Kila baada ya wiki 2 anapunguza miligramu 1. Atafika sifuri baada ya wiki 20. Huo ni mfano wa hesabu tu. Mpango wako utapangwa na daktari.

Mtu akianguka kama mwenye kifafa, apelekwe hospitali mara moja.

5. Mambo ya kukumbuka

(a) Usichanganye vidonge vya usingizi na pombe. Pumzi inaweza kukatika.
(b) Usitumie dawa ya mwenzako, wala usimpe yako.
(c) Wazee wawe waangalifu. Vidonge hivi huwaangusha usiku, na mifupa huvunjika.
(d) Mwenye kifafa asiache dawa yake ya kifafa bila daktari.
(e) Tafuta chanzo cha kukosa usingizi. Huenda ni maumivu, huzuni au wasiwasi.
(f) Amka saa ile ile kila siku. Punguza kulala mchana. Acha kahawa na chai kali jioni.

Ukiandikiwa dawa ya usingizi, uliza maswali matatu: Nitaitumia siku ngapi? Nitaiachaje? Nikipata taabu nirudi lini? Kuuliza si ujinga. Sasa unajua kusoma na kuandika. Andika majibu kwenye daftari lako.

Maswali

1. Kwa nini mtu akiacha kidonge ghafla hukosa usingizi kuliko mwanzo?
2. Kamati ya Uingereza ilishauri dawa hizi zitumiwe kwa wiki ngapi?
3. Mtu anatumia miligramu 6. Anapunguza miligramu 1 kila baada ya wiki 3. Atafika sifuri baada ya wiki ngapi?
4. Zungumzeni darasani: Jirani amekuja kukuomba kidonge chako cha usingizi. Utamjibu nini?