SOMO: Kuhamisha Mikanda ya Zamani ya Video Kwenda Kwenye Kompyuta



Katika makabati ya sharika nyingi ipo mikanda ya video ya miaka ya themanini na tisini: kuwekwa wakfu kwa kanisa, kwaya, kipaimara, mzee akikabidhi eneo la kujenga zahanati mbele ya mashahidi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994 (wenzetu wa Zanzibar walianza mwaka 1973). Kwa hiyo, kwa matukio mengi ya kabla ya hapo, mkanda wa kabatini ndiyo video pekee inayoweza kupatikana.

Wengi hudhani mkanda usioguswa uko salama. Sivyo. Picha na sauti hukaa kwenye chembechembe za sumaku zilizoshikizwa na gundi juu ya utepe wa plastiki. Gundi hiyo hunyonya unyevu na kulegea, na joto huongeza uharibifu. Hata hivyo, huenda deki ikatuishia kabla ya mikanda. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016. Zilizopo sasa ni zilizotumika, na mafundi wanaozifahamu wanapungua.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: deki nzima, kompyuta, na kibadilishaji kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Kutoka kwenye deki zinatoka waya tatu: ya manjano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Programu ya kurekodia si lazima kununua. OBS Studio hupatikana bure. Fundi asafishe hedi za deki kwanza, kisha ijaribiwe kwa mkanda usio na thamani, kwa sababu deki mbovu hutafuna utepe. Kabla ya kurekodi, peleka mkanda hadi mwisho na kuurudisha mwanzo ili utepe ukae sawa, na vunja kile kiplastiki kidogo cha ubavuni ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Mkanda wenye unga mweupe wa ukungu usiingizwe kabisa. Utachafua deki na mikanda itakayofuata. Utengwe, upelekwe kwa mtu anayeweza kuusafisha.

Mikanda iliyoletwa na marafiki zetu wa Marekani huleta shida ya peke yake. Kule walitumia mfumo wa NTSC wenye mistari 525, hapa kwetu ni PAL wenye mistari 625. Deki isiyosoma mifumo yote miwili itaonyesha picha inayoruka au isiyo na rangi, na kamati ikadhani mkanda umeharibika. Usitupwe kabla ya kujaribiwa kwenye deki ya mifumo mingi.

Sasa jambo ambalo bajeti nyingi hulisahau. Mkanda wa saa 3 huhamishwa kwa saa 3. Hakuna njia ya mkato. Usharika wenye mikanda 40 ya saa mbili mbili una saa 80 za kurekodi, yaani siku 10 za kazi, bila kuhesabu umeme kukatika. Gharama kubwa basi ni posho ya kijana atakayekaa pale akiangalia, wala si vifaa. Wafadhili wakiona posho kubwa kuliko vifaa kwenye ombi, wasishangae.

Kwa kuwa muda ni mdogo, kamati ichague. Filamu za kununuliwa ziachwe. Harusi ziende kwa familia zenyewe, hata kama ni ya mwenyekiti. Tuanze na mikanda isiyo na nakala kwingine, hasa yenye sauti za wazee waliokwisha kufariki, na yenye makabidhiano ya ardhi au majengo ambayo huenda siku moja yakaulizwa.

Kwa ubora wa kawaida saa moja huchukua takriban GB 3 na nusu, hivyo diski ya nje ya TB 1 hubeba zaidi ya saa 200. Ziwe diski mbili, na ya pili isikae katika jengo moja na ya kwanza. Video za wagonjwa au watoto zisisambazwe kwenye simu kabla wahusika au wazazi hawajaridhia.

Kila faili lipewe jina lenye mwaka, mahali na tukio. Wazee waalikwe kutazama, na katibu aandike majina ya wanaoonekana, tangu mstari wa mbele wa kwaya hadi wa nyuma. Kazi hiyo ifanyike wiki ileile ya kurekodi. Mikanda yenyewe ihifadhiwe pakavu, ikiwa imesimamishwa wima, hadi nakala zote mbili zitakapokuwa zimetazamwa mwanzo hadi mwisho.