Kabla ya Kushika Jembe Shika Daftari: Namna ya Kufundisha Sayansi kwa Shamba la Shule

 

Leo sizungumzii bei ya vitunguu wala dawa ya viwavijeshi. Wiki iliyopita kijana mmoja anayelima kando ya Bwawa la Mtera aliniuliza: "Bwana shamba, shule ya hapa jirani imeniomba nipokee wanafunzi wa kidato cha pili waje kujifunza kwangu. Nikiwakubalia, wataniwahisha palizi?"

Nikamwambia hapana. Wakija kukupalilia, hawajaja kujifunza. Wamekuwa vibarua wa bure, na wewe umepata hasara bila kujua. Akashangaa. Basi somo la leo ni jibu langu kwake, na kwa yeyote mwenye shamba karibu na shule au mwenye mdogo wake anayesoma.

Nilivyoaibika mbele ya wanafunzi

Nianze na kosa langu mwenyewe. Msimu fulani nilipeleka mbegu ya mtama kwenye shule moja huku kwetu tufanye shamba darasa. Mbegu ile nilikuwa nimeiweka ndani tangu mwaka wa nyuma, kwenye mfuko chini ya bati linalowaka jua. Tukapanda kwa mistari mizuri, mvua ikanyesha, tukasubiri. Ikaota kidogo sana, mistari ikabaki kama mdomo wa mtu aliyeng'oka meno.

Binti mmoja akanyoosha mkono: "Bwana shamba, kwa nini hukuijaribu kwanza?"

Sikuwa na jibu. Huyo binti ndiye aliyenifundisha kwamba shamba la shule si mahali pa kuonyesha kwamba mtaalamu anajua. Ni mahali pa kuuliza, kupima na kuandika. Tangu siku hiyo, somo la kwanza kwa wanafunzi wangu ni jaribio la uotaji.

Jembe lilivyogeuka fimbo

Wazo la kufundisha kwa shamba si geni Tanzania. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kupanga, kufanya kazi na kuona matokeo ya maamuzi yao wenyewe.

Kiukweli, shule nyingi zilibaki na jembe zikasahau mpango. Umechelewa namba? Kalime. Umepiga kelele? Ng'oa visiki. Nimesoma hivyo, na wengi wenu mmesoma hivyo. Mtoto akimaliza shule anajua kitu kimoja tu kuhusu kilimo, kwamba ni adhabu. Halafu tunashangaa kwa nini vijana wanakimbilia bodaboda.

Sasa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta mkondo wa amali kwa sekondari, na kilimo kimo. Nafasi imerudi. Swali ni kama tutaitumia kwa akili au tutarudia fimbo.

Gharama ya kutopima: Kongwa

Vijana wa Dodoma hawahitaji mfano wa mbali. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga pale Kongwa. Mpango ulikuwa kufungua zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ndani ya Tanganyika. Matrekta yakaja, fedha zikaja. Lakini walianza kabla ya kuijua vizuri mvua na udongo wa eneo. Mvua zikawa haba, na udongo ule wenye mfinyanzi ukikauka unakuwa kama tofali, karanga zikagoma kung'oka. Mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kutumia takriban pauni milioni 36.

Zile fedha zote zilishindwa na maswali mawili ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuyajibu kwa chupa na rula: udongo huu una nini, na mvua hapa inanyesha kiasi gani? Tuyajibu.

Somo la 1: Jaribio la uotaji (Baiolojia na Hesabu)

Chukua mbegu 100 bila kuchagua. Zipange kwenye kitambaa kibichi, kunja, weka mahali pa kivuli, hakikisha hakikauki. Kwa mtama, baada ya siku 7 hadi 10 hesabu zilizoota. Zikiota 90, uotaji ni asilimia 90.

Hesabu inafuata. Tuseme ekari moja inahitaji kilo 4 za mbegu inayoota kwa asilimia 90. Yako ikiota asilimia 60, utahitaji kilo 4 × 90 ÷ 60, yaani kilo 6. Mwanafunzi aliyekuwa akiuliza "asilimia zinanisaidia nini maishani" amepata jibu. Ikishuka chini ya hapo, usihangaike kuongeza kilo, tafuta mbegu nyingine.

Somo la 2: Udongo kwenye chupa (Jiografia na Kemia)

Chupa ya wazi, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji karibu ijae, tia sabuni ya unga kidogo, funga na utikise kwa nguvu. Iache itulie. Mchanga unatua ndani ya dakika moja au mbili. Tope laini linafuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi. Pima kila tabaka kwa rula, gawa kwa urefu wa udongo wote, zidisha kwa 100.

Fanya kwa udongo wa kilimani, wa mbugani na wa kando ya bwawa. Wanafunzi wakiona chupa tatu tofauti, hutahitaji kuwaeleza kwa nini uwele unastahimili juu na mpunga unapendelea chini.

Somo la 3: Kipima mvua (Fizikia)

Kata chupa ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, sehemu ya juu igeuze iwe kama mrija wa kumiminia. Weka kokoto chini na maji mpaka ubavu unaponyooka. Hapo ndipo sifuri. Bandika rula. Isimike mahali pa wazi, mbali na miti na kuta. Soma kila siku saa 3 asubuhi, andika, kisha rudisha maji kwenye sifuri.

Sasa jambo linalowashtua wote: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ekari ina mita za mraba 4,047. Mvua ya milimita 20 ni takriban lita 81,000 kwa ekari moja! Dodoma tunapata kwa wastani milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote zinakuja kati ya Desemba na Aprili. Maji yanakuja, shida ni kwamba yanaondoka. Twende somo la nne.

Somo la 4: Maji yanakimbilia wapi?

Hili lina historia ya hapa hapa wilayani kwetu. Miaka ya 1930, pale Mpwapwa, watafiti walipima maji yanayotiririka kwenye vipande vya ardhi vyenye hali tofauti. Kwenye ardhi tupu, karibu nusu ya mvua ilikimbia. Kwenye kipande kilicholimwa, karibu robo. Kwenye majani yaliyoachwa bila kulishwa mifugo, ilikimbia kidogo mno. Vilikuwa miongoni mwa vipimo vya mwanzo kabisa vya aina hiyo Afrika.

Rudieni kwa madumu mawili ya lita 5. Yalaze, kata ubavu wa juu, jaza udongo uleule kiasi kilekile. Moja liache tupu, la pili funika kwa mabua. Inamisha yote sawa, mdomo uelekee kwenye kopo. Mwagia lita moja kila dumu kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Pima maji yaliyotoka, angalia na rangi yake.

Hapa ndipo unafundisha kanuni kubwa kuliko zote: badilisha kitu kimoja tu, vingine viache sawa. Ukibadilisha udongo na mteremko na mabua kwa mpigo, hujui kipi kimeleta tofauti. Ni kosa lilelile la mkulima anayebadili mbegu, mbolea na nafasi msimu mmoja, halafu anasifia mbegu.

Malizieni na hesabu: nusu ya ile mvua ya milimita 20 ni takriban lita 40,000 kwa ekari, sawa na ndoo 2,000 za lita 20. Waulize: nani amewahi kubeba ndoo 2,000?

Somo la 5: Jaribio la msimu mzima

Sasa nendeni shambani. Pimeni vipande 6 vya mita 5 kwa 5. Vitatu limeni tambarare, vitatu pigeni matuta yenye vizuizi katikati ili maji yatulie. Mbegu moja, siku moja ya kupanda, nafasi moja. Kipi kiwe wapi, pigeni kura kwa karatasi, msiyapendelee matuta kwa kuyapa eneo lenye rutuba. Kwa nini vitatu vitatu? Kwa sababu kipande kimoja kinaweza kuangukia kwenye zizi la zamani, kikakudanganya.

Mkivuna, pimeni kilo. Mita 25 za mraba zinaingia kwenye ekari mara 162 hivi. Kipande kikitoa kilo 5, ekari ingetoa takriban kilo 810, sawa na magunia 8 ya kilo 100. Halafu wanafunzi watoe gharama: mbegu, siku za kazi, magunia. Faida isiyo na gharama ya nguvukazi ni ndoto, na wapo wakulima wakubwa wanaota ndoto hiyo kila mwaka.

Teknolojia? Simu yako inatosha. Piga picha kipande kilekile, pembe ileile, kila wiki. Lakini daftari lisikosekane, maana daftari haliishiwi chaji.

Mipaka, tafadhali

1. Wanafunzi wasiguse viuatilifu wala bomba la kupulizia. Sheria zetu zinakataza kumpa kazi hatarishi aliye chini ya miaka 18. Wafundishe kusoma lebo, basi.
2. Shamba lisigeuzwe adhabu. Ukikubaliana na mwalimu, hili liseme mapema.
3. Mavuno ya majaribio ni ya shule. Wanafunzi wenyewe wajue yameuzwa shilingi ngapi na zimekwenda wapi.
4. Kando ya bwawa, kaeni nje ya mita 60 kutoka ukingo wa maji kama Sheria ya Mazingira ya 2004 inavyotaka. Kuzipima hizo mita 60 nalo ni somo.
5. Kuamia ndege kusimtoe mtoto darasani. Huku kwetu mtama ukiingia hatua ya maziwa, madawati yanabaki wazi. Mkipanda kwa wakati mmoja na mkiandika tarehe za kuchanua, mtajua wiki za hatari mapema, na wakubwa watapanga zamu.

Sasa wewe unapata nini?

Yule kijana bado alikuwa anasubiri hili. Nilimwambia: baada ya msimu mmoja utakuwa na rekodi ya mvua ya eneo lako, utajua udongo wako, na utakuwa na jaribio lenye vipande 6 ambalo peke yako usingekuwa na muda wa kulifuatilia. Wanafunzi wamepata elimu, wewe umepata takwimu. Hizo ndizo zitakazokusaidia kuamua upande nini msimu ujao, na hata ukienda kuomba mkopo utaongea kwa namba.

Amewakubalia. Jumatatu wanaanza na mbegu 100 kwenye kitambaa. Palizi yake ametafuta vibarua, anawalipa.

Na wewe, kabla mvua za Desemba hazijafika, nenda shule iliyo karibu nawe, msalimie mwalimu wa sayansi, mwombe kipindi kimoja tu. Beba chupa mbili na udongo wa shambani kwako. Maswali watakuwa nayo wenyewe, na ukikosa jibu kama mimi nilivyokosa, usione aibu. Pimeni.

Tukutane shambani.