Kwa Nini Meno Yaliyonyooshwa Hurudi Yalikotoka?

Mkulima wa Usangi huutegemeza kwa nguzo mgomba wenye mkungu mzito. Akiiondoa mapema, mgomba waweza kuanguka. Meno yaliyonyooshwa kwa nyaya nayo yahitaji nguzo.

Jino halikugandishwa kwenye taya, bali limeshikwa na nyuzi hai. Waya ulisukumapo, mfupa huliwa upande unaogandamizwa na kujengwa upande unaovutwa. Nyaya zikisha kuondolewa, nyuzi za mzizi huhitaji miezi 3 hadi 4 kujipanga upya. Baadhi ya zile za ufizi huendelea kulivuta jino hata baada ya miezi 7.

Kwa hiyo huvaliwa kishikizo, kwa kawaida mchana na usiku kwanza, kisha usiku tu, mara nyingi kwa miaka mingi. Akiachaye mapema aweza kuipoteza kazi yote.

Zoezi: Eleza tofauti ya nguzo hizi mbili.