Buibui mukubwa wa ukutani: tumuue ao tumuache?



Mara nyingi tunaulizwa juu ya ule buibui mukubwa wa rangi ya udongo anayebandikana na ukuta usiku. Watu wengine wanamupulizia dawa ya shamba ndani ya nyumba mwenye watoto wanalala. Tujifunze kwanza ni nani.

1. Tumutambue
Ana miguu 8. Ikitandazwa, inaweza kufika sentimita 10. Mwili wake ni bapa, ndiyo maana anaingia hata kwenye ufa mwembamba. Hatengi utando wa kunasa wadudu. Muchana anajificha, usiku anatoka kuwinda. Jike anabeba mayai chini ya mwili, ndani ya mufuko mweupe, bapa.

2. Kazi yake nyumbani
Anakula mende na wadudu wengine. Kama iko mingi kwako, ujue chakula chake iko kingi: mende!

3. Kazi yake inje
Anakaa chini ya maganda ya miti na kwenye migomba. Kwa hiyo, kabla ya kubeba mukungu wa ndizi begani, utikise kwanza. Ukimubana, anaweza kuuma. Panauma na kuvimba, lakini kwa kawaida inapita. Osha na maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Mutu akikosa pumzi, mumupeleke mara moja kwenye kituo cha afya.

4. Kwa depo, tusijidanganye
Buibui hawezi kufikia fukusi aliye ndani ya mbegu ya maharagi. Kazi hiyo ni yetu: kukausha vizuri, kufagia depo, kufunga mifuko isipitishe hewa.

5. Tufanye nini?
Dawa ya shamba tusiipulize ndani ya nyumba hata kidogo. Inabaki kwenye mikeka, sahani na chakula, na inaweza kuua mutoto. Tena inaua muwindaji, kisha mende wanarudi. Tuzibe nyufa na udongo, tufunike chakula, tuondoe takataka. Kama unamuogopa, mufunike na kopo, pitisha karatasi ngumu chini yake, umupeleke inje.

Maswali ya mukutano
- Nani kati yetu anaweka dawa ya shamba mahali watoto wanafika?
- Tutaifungia wapi kuanzia leo?