Usiulize Bima Ukiwa Umembeba Mgonjwa

Tafuta daktari ukiwa mzima. Mgonjwa hachagui, anapelekwa tu, na bajaji humshusha palipo na taa.

Anza na jirani. Muulize mwenye watoto wadogo, muulize anayeuguza mzee wa presha. Hao ndio wanaojua daktari yupi anasikiliza na yupi anaandika dawa hujakaa vizuri kwenye kiti.

Usiridhike kwa kuwa aliyevaa koti jeupe anaitwa dokta. Tabibu ni mtu wa maana, lakini tabibu si daktari, na daktari si bingwa. Uliza bila aibu: "Anayetuona hapa ni nani?" Akiwa daktari, jina lake liwe kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Mabingwa wa tiba ya familia nchini ni wachache. Ukiwakosa, shikamana na daktari mmoja wa kawaida anayekufahamu; ana faida kuliko mabingwa watano wasiojua hata dawa inayokudhuru.

Usiamini kibao cha "Tunapokea bima". Rangi hudumu kuliko mkataba. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali kadhaa binafsi zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wake kwa sababu ya bei. Sikuona kibao hata kimoja kikishushwa.

Nenda dirisha la bima mwenyewe, siku ya kazi. Usitaje jina la bima tu, toa kadi. Je, inasoma? Kumwona daktari kunalipiwa, na vipimo je? Usiku na Jumapili nani anakaa hapa? Hilo la mwisho mimi sikuliuliza. Mwanangu alichemka homa saa nane usiku. Kadi ilikuwa hai, kituo kilikuwa na mkataba, ila mhudumu wa bima alikuwa ameshaondoka na nenosiri lake. "Lipa taslimu, mama, kesho uje tuongee." Kesho yake hapakuwa na la kuongea.

Usiseme "bima ni ya kazini" ukanyamaza. Kwa NHIF, mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza 3. Pesa hiyo ni jasho lako: fuatilia kama inafika. Kagua na majina ya wategemezi. "Mwanaidi" kwenye cheti na "Mwanaid" kwenye kadi ni safari mbili za ofisini, na foleni zake.

Bima ya kampuni binafsi? Omba orodha ya vituo ya mwaka huu, pamoja na kikomo cha kifurushi chako.

Usikimbilie hospitali ya rufaa kwa kikohozi. Anzia zahanati au kituo cha afya, upewe barua. Bila barua, jiandae kurudishwa.

Usiazime kadi ya mtu, hata ya dada yako. Ni kosa, na ugonjwa wako utaandikwa kwenye faili lake.

Soma fomu ya bima kabla ya kusaini. Ukikuta vipimo vitatu na umepimwa kimoja tu, rudisha kalamu.